Petri wa Kimulot

Shamba la mkonge, njia ya Taveta
14 Januari 2024

Kwa mke wangu Mama Dolphine,

Kabla ya yote nakuuliza hali. Kifua kimeacha kukusumbua? Mvua ya Kimulot imekatika au bado mnaanika nguo juu ya jiko? Mimi ni mzima, isipokuwa mikono. Mkonge si chai. Jani la chai ukilichuma halikukasirikii. Jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, na maji yake yakiingia kwenye kidonda unawashwa hata ukiwa kanisani. Na jua la huku halina adabu, linakufuata mpaka kivulini.

Simu yangu ilianguka ndani ya pipa la maji. Onsongo, mtu wa Nyamira ninayelala naye chumba kimoja, alisema tuiweke kwenye mchele itapona. Mchele tulikula, simu haikuamka. Lakini nimeona heri tuandikiane na kutuma kwa basi. Kwa simu tulikuwa tunagombana kabla salamu hazijaisha.

Barua yako ya Krismasi ilifika. Nilifurahi, ila kwenye bahasha umeandika tena "Opure". Miaka yote hii! Mimi ni Obure, na b ya baba. Karani alisimama mbele ya watu akaita "Opure! Opure!" mpaka sasa hilo ndilo jina langu kwenye foleni ya maji.

Umesema umepata kazi kwa Mama Elmina, yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya mabati mekundu. Ni vizuri. Tangu ile mashine ianze kuchuma chai na sisi wawili tuambiwe twende nyumbani, hujapata kitu cha kushika. Lakini sijaelewa. Umesema mko mezani "mnajenga". Wanawake wawili mnajenga nini mezani? Na nani mwingine anaingia nyumba hiyo? Nauliza tu. Unajua mimi Mkisii nimejenga kwenye boma la ndugu zako, na sasa niko mbali. Watu hawakosi la kusema.

Dolphine akifunga shule mwambie nimemsalimia.

Mume wako,
Baba Dolphine


Kimulot
4 Februari 2024

Chamgei, Opure,

Usinicheke. Maneno niliyofundishwa shule naandika kama mwalimu alivyoandika ubaoni. Yale ambayo sikufundishwa naandika kama mdomo wangu unavyosema, na jina lako sikulikuta shuleni.

Mimi ni mzima, kifua kimepoa. Ukungu wa msitu wa Mau unashuka mpaka mlangoni kila asubuhi kama mgeni anayejua saa ya chai. Ng'ombe mwekundu amezaa, ni jike. Kibuyu chako cha maziwa ya mursik nimekiosha na nimekitundika mahali pake ukutani. Kinakungoja.

Sasa nikuambie kazi, na usidhani naota. Tunajenga garimoshi.

Mtoto wa Mama Elmina aliye ng'ambo alimtumia sanduku la matofali madogo ya plastiki, yale ya kuchezea, unabana moja juu ya lingine yanashikana. Ni mengi kama mahindi ya kupukuchua. Kuna kitabu cha picha tupu, hakina maneno. Ukifuata picha unapata kichwa cha treni ya zamani, ile ya makaa, na bomba lake la moshi, magurudumu makubwa mekundu, na vile vyuma vya pembeni vinavyokwenda mbele na nyuma kama mkono wa mtu anayekamua. Na si ya kuwekwa kabatini. Ina mota tumboni. Itatembea yenyewe juu ya reli, kwenye meza ya kulia.

Mama Elmina ana mtoto wa jicho na vidole vimevimba. Kwa hiyo yeye anashika kitabu karibu na pua, anasema, "Nyeusi, ndefu, matundu manne," na mimi natafuta. Nimemwaga yote kwenye ungo. Opure, vidole vyangu vinajua! Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, miaka yote ile, sasa vinachuma plastiki. Siangalii hata.

Nilimwuliza, "Mama, mtu mzima kama wewe unataka hii ya nini?"

Akasema marehemu mzee wake alikuwa anatia makaa kwenye treni ya Lumbwa. Alikuwa anapotea wiki mbili, tatu, akirudi ananuka moshi na hadithi ni treni tu: imekohoa kwenye mlima wa Fort Ternan, imekunywa maji Londiani. "Nilikuwa na wivu nayo kama mke mwenza," akasema. "Mwanamke ningempiga. Chuma utakipiga nini? Sasa nataka nimfungue tumbo huyo mke mwenzangu, nione alikuwa na nini ambacho mimi sina."

Nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Kulikuwa na shida ya kiapoksi, ile nyumba ya vigurudumu vya meno, lakini tumeiweza. Shida kubwa ilikuwa petri. Bila petri ni kukaa mezani tunaangaliana. Imekuja juzi kutoka Kericho, imebebwa na pikipiki, na sasa nyumba imechangamka. Petri ina nguvu, Opure! Ukiweka mkono juu unasikia mtetemo mpaka begani.

Wewe uliniambia kwa simu treni inapita huko. Iangalie vizuri halafu uniambie inafananaje. Mimi najenga kitu ambacho sijawahi kuona.

Mke wako,
Chepkemboi


Shamba la mkonge
20 Februari 2024

Mke wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sijui kama niko salama. Yako niliisoma chini ya mgunga wakati wa chakula, na chakula nikakirudisha.

Matofali nimeelewa. Mama Elmina na macho yake nimeelewa. Hata kiapoksi nimeelewa, ni giaboksi. Sasa niambie jambo moja kwa lugha rahisi. Petri ni nani?

Usidhani "imekuja" itanidanganya. Nakujua unavyosema. Kwenu Kimulot hata mtu ni "iko". Mimi mwenyewe nikitoka kazini ulikuwa unamwambia jirani, "Mzee imefika." Kwa hiyo Petri imekuja kutoka Kericho kwa pikipiki. Petri ina nguvu. Bila Petri mnaangaliana. Na wewe umeweka mkono juu, umesikia mpaka begani. Bega gani hilo?

Nilimpa Onsongo asome, unisamehe, macho yangu hayakuamini. Alisoma akapiga mluzi. Akasema, "Ndugu yangu, Petri si jina la kule. Huyo ni fundi wa mjini. Watu wa mota ni hatari, wanakuja na bisibisi na maneno matamu."

Umeniuliza habari za treni. Inapita kila siku, ndefu, haina moshi. Watu wamekaa ndani wanakula. Zamani nilikuwa nasimama naipungia mkono kama mjinga. Sasa nikiisikia naigeuzia mgongo. Mashine moja ilinitoa kwenye chai. Mashine nyingine, tena ya kuchezea, imekukalisha meza moja na mwanaume mwenye nguvu. Mimi mashine nimezikosea nini?

Nataka jibu. Na nataka uache kwenda huko mpaka hilo jibu nilipate.

Mume wako,
Baba Dolphine


Kimulot
23 Februari 2024

Chamgei, Opure,

Hujambo huko kwenye jua? Jibu lako bado sijalipata, basi huchelewa, lakini nimeshindwa kungoja. Nina habari.

Tulikwama wiki nzima. Vyuma vya kulia na vya kushoto vilikuwa vinafika mwisho pamoja, halafu magurudumu yanakataa. Mama Elmina alikisoma kitabu mpaka akakitukana kwa Kizungu. Mimi nilikwenda kukamua, na nikiwa pale chini ya ng'ombe nikaangalia mikono yangu mwenyewe. Mkono mmoja ukifika chini, mwingine uko katikati ya njia. Haifiki pamoja hata siku moja, ndiyo maana maziwa hayakatiki! Nilirudi nikakimbia na ndoo. Tukafungua gurudumu la kushoto, tukaligeuza robo. Sasa upande mmoja ukikwama, mwingine unauvuta.

Mama Elmina akasema, "Chepkemboi, ungezaliwa mwanaume wangekupa treni." Nikamwambia, "Wangenipa ng'ombe, Mama."

Kitu kimoja tu kinatutesa, petri inasumbuliwa na baridi ya Kimulot. Ikilala kwa Mama Elmina inaamka haina nguvu kabisa. Kwa hiyo sasa jioni naenda nayo nyumbani, na asubuhi nikivuka ukungu naiweka kifuani, ndani ya sweta. Ikipata joto langu inafanya kazi mpaka mchana. Mama Elmina amesema hajaona petri inayopendwa hivi.

Kula vizuri. Paka mikono mafuta.

Mke wako,
Chepkemboi


Shamba la mkonge
6 Machi 2024

Kwa Petri,
Nyumba ya Mama Elmina, Kimulot

Salamu sikupi. Hali yako sikuulizi, nimeshaambiwa. Baridi inakusumbua. Pole sana. Kwenu ulikotoka hakuna blanketi?

Mimi ndiye Obure, mume wa Chepkemboi. Ukoo wako siujui, kanisa lako silijui. Najua tu ulikuja kwa pikipiki na una nguvu. Mimi pia nilikuwa na nguvu. Nimeiacha kwenye mkonge ili huyo mwanamke unayelala kifuani mwake apate sweta. Sweta hiyo nilinunua mimi, soko la Litein. Ni ya kijani, kiwiko cha kushoto kimeshonwa kwa uzi mweusi. Ukiwa ndani yake ujue uko ndani ya jasho la mtu.

Nimeambiwa wewe ni fundi. Fundi gani anayeamka hana nguvu mpaka apashwe joto na mke wa mwenzake? Huku mtu akiamka hana nguvu anapewa panga, na nguvu inakuja yenyewe.

Nimeoa kwa ndugu zake, nikatoa ng'ombe, na wazee wa Kimulot walikunywa pombe wakishuhudia. Wewe umetoa nini? Mtetemo!

Uwe umeondoka kabla ya Pasaka. Ukikaa, nitakuja, na mimi sisafiri na maneno.

Ni mimi, mwenye sweta,
Baba Dolphine


Kimulot
17 Machi 2024

Kwa Bwana Obure, mwenye sweta,

Salamu tunakupa, hata kama wewe umetunyima.

Barua yako tumeipokea. Nasema tumeipokea kwa sababu tuko sita. Sote tunaitwa jina moja, na tunalala sanduku moja nyuma ya garimoshi, kichwa kwa miguu, na hatujawahi kugombania shuka.

Umeuliza ukoo. Upande mmoja nina alama ya kujumlisha, upande wa pili ya kutoa. Urefu wangu ni kidole. Kanisa sina, lakini nimewahi kuhubiri nikiwa ndani ya redio. Nikiishiwa nguvu nachomekwa ukutani. Watu wa rika lako huniita jiwe la tochi. Wenye shule huniita betri. Mke wako ananiita vingine, na mimi naitika.

Pasaka haiwezekani kuondoka, sina miguu.

Sweta ni nzuri. Mke wako ana joto.

Mimi,
Petri

Ameniandikia Mwalimu Elmina, kwa sababu mikono pia sina.


Kimulot
18 Machi 2024

Baba Dolphine,

Mimi ni mzima. Natumaini nawe.

Ile ya jana tuliandika tukicheka. Mama Elmina alicheka mpaka akaomba dawa yake ya presha. Mimi nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Nikawasha taa, nikaona petri ya sola pale kwenye kona, na kicheko kikaisha.

Petri hiyo uliibeba mwenyewe kutoka Litein, begani, kwenye matope. Mimi nilikuwa nyuma yako nasema, "Polepole, petri isianguke. Opure, petri isimwagike maji." Ulinicheka mlima wote. Ukasema, "Sema betri." Nikasema petri. Ukasema, "Ukisema tena hivyo nitakuoa mara ya pili."

Umesahau?

Na jina lako. Nimeliandika kwa p tangu tuoane. Mbona hukuwahi kufikiri kuna mwanaume mwingine anaitwa Opure?

Sikuumia kwa sababu ulinishuku. Mbwa akiwa mbali na boma hubwekea hata kivuli, na wewe uko mbali. Nimeumia kwa sababu ulisoma maneno yangu na hukunisikia mimi. Ulimsikia mwanamke mwingine. Huyo mwanamke sijui umemtoa wapi, lakini ndiye unayeishi naye huko, na ndiye unayemwandikia. Mimi nani ananiandikia?

Ile ya kuniambia niache kazi, sitaacha.

Kibuyu nimekishusha ukutani. Hakina maziwa, na sijui kama nitakiwekea. Usiniandikie kunigombeza, na usiniandikie msamaha wa haraka haraka. Niko na kazi. Magurudumu bado yanateleza.

Mama Dolphine


Shamba la mkonge
7 Aprili 2024

Mke wangu,

Nakusalimu, na Dolphine kama yuko nyumbani. Mikono inaendelea vizuri, nimepaka mafuta kama ulivyosema.

Umeanza barua na "Baba Dolphine". Tangu tujuane hujawahi kuniita hivyo kwenye karatasi. Nilimtafuta Opure barua nzima, mpaka nyuma ya bahasha. Yumo kwenye hadithi ya zamani tu, kwenye salamu hayumo. Nilikuwa nakugombeza kwa sababu yake, sasa amekwenda.

Huku kambi nzima wananiita Bwana Tochi. Onsongo ndiye aliyewaambia, na yeye ndiye aliyeniambia ni fundi wa mjini. Nimemkumbusha. Amesema yeye alitoa maoni tu.

Umesema hutaki msamaha wa haraka. Sawa, siombi. Nitakuambia ukweli, hata kama si mzuri. Nilidhani nikijua Petri ni betri wivu utatoka. Haukutoka. Ulitoka kwa mtu ukahamia kwa kitu. Ile barua ya kukamua na vyuma, niliisoma tena bila Petri ndani yake, na ikaniuma zaidi. Ulikimbia na ndoo. Sijakuona ukikimbia kwa furaha tangu tulipofukuzwa kwenye chai. Furaha hiyo umeipata, na si mimi niliyeileta. Imeletwa na plastiki. Mwanaume ningemwambia atoke nje tuonane. Plastiki utaiambia nini?

Kwa hiyo Mama Elmina namwelewa kuliko unavyodhani.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mume wako,
Baba Dolphine


Shamba la mkonge
12 Mei 2024

Mke wangu,

Ni vipi hali? Hujajibu. Mara ya kwanza nilisema ni mvua, barabara imekatika. Halafu Onsongo akapata barua kutoka Nyamira, na mvua ni ile ile.

Nimekuwa nikijaribu kitu. Nikiwa nakata, nasema maneno yako kwa sauti. Petri. Kiapoksi. Opure. Watu wa mstari wangu wanadhani jua limeniingia. Yalikuwepo mengine, nikayatafuta siku kadhaa, na juzi moja likarudi lenyewe nikiwa nafunga mzigo. Potapota! Bodaboda ulikuwa unaiita potapota, na kila tukipanda nilikuwa nakuambia, "Basi na tupotee." Nilikaa chini kwenye mkonge nikacheka, mwiba ukaniingia pajani, nikaendelea kucheka.

Sasa nimejua kilichotokea. Nilikuwa nasoma barua zako na sauti yangu. Mtu akikaa na sauti yake peke yake muda mrefu inaanza kumwambia uongo, na kwa kuwa ni yake anaiamini. Nimezitoa zote chini ya godoro nikazisoma upya, kwa mdomo wako. Kwa mdomo wako Petri hayumo kabisa. Kuna petri tu, inasikia baridi.

Treni ilipita leo. Sikuigeuzia mgongo. Niliiangalia ili nikuambie: mbele imechongoka kama pua ya nguruwe, na vile vyuma vya pembeni haina. Yako ni nzuri zaidi. Imenichoma kuandika hivyo, lakini ni kweli.

Mume wako,
Baba Dolphine


Kimulot
9 Juni 2024

Chamgei,

Habari za huko? Sisi ni wazima. Dolphine alikuja mapumziko, akala, akalala, akarudi shule. Ndama anakimbia. Barua zako mbili nimezipata. Sikujibu kwa sababu sikuwa na la kusema ambalo halina hasira, na wewe unajua nikiwa na hasira naandika vibaya.

Garimoshi imetembea.

Magurudumu yalikuwa yanateleza kwa sababu raba zake hazikuwa kwenye sanduku. Unakumbuka zile raba za vidole tulizokuwa tunavaa kuchuma? Zangu nilikuwa nimezihifadhi, sijui kwa nini. Nimezikata pete nyembamba nikayavalisha magurudumu. Yameshika reli kama kupe. Kwa hiyo ujue, Opure, inatembea kwa vidole vyangu vya chai.

Ilizunguka meza, ikapita bakuli la sukari, ikapita dawa za Mama Elmina, vyuma vikipiga, kulia na kushoto, havifiki pamoja. Mimi nilipiga kelele. Mama Elmina aliinamia meza. Aliifuata na uso mpaka ikazunguka mara nyingi, maana haioni vizuri, anaisikia. Halafu akasema, "Kumbe ni wewe."

Nikamwuliza, "Mama, alikuwa na nini ambacho wewe huna?"

"Hana kitu," akasema. "Tumbo lake ni mota na petri." Na alisema petri, kwa p, mwalimu mzima! Nimemharibu.

Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwa amesema. Treni ikikaribia Lumbwa mzee wake alikuwa anaomba dereva amwachie kamba ya honi, anapiga mara tatu. Miaka yote Mama Elmina alikuwa anasikia na kusema, "Hiyo treni inalia tena." Siku moja akiwa amezeeka, mzee akamwuliza, "Kwani wewe hukuwa unasikia nikikuita?" Mama Elmina akaniangalia na yale macho yake. "Alikuwa ananiambia niweke chai," akasema. "Mimi nilikuwa nasikia mke mwenza."

Nilipofika nyumbani nilizisoma barua zako tena. Ile ya potapota nimeisoma mara nyingi kuliko hiyo nyingine.

Nimekichoma kibuyu ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, kama kawaida, kimekuwa cheusi na kinanukia. Kiko tayari. Maziwa ng'ombe anatoa ya kutosha. Lakini sijaweka. Mursik inataka siku zake za kukaa, na mimi siwezi kumwekea mtu nisiyemjua. Nitaweka nikijua anayekuja ni nani.

Mke wako,
Chepkemboi


Shamba la mkonge
27 Juni 2024

Chamgei mising,

Mimi ni mzima. Mikono pia.

Nimepewa likizo, inaanza tarehe kumi ya Julai. Nitapanda treni hapa Voi mpaka Nairobi, nikae ndani nikila kama wale watu, na kama kuna mjinga anakata mkonge nitampungia mkono. Kutoka Nairobi ni basi la usiku. Barua hii nimempa dereva ili itangulie.

Wivu bado ninao, sitakudanganya. Nikifika mtanionyesha garimoshi hiyo, na mimi nitaiangalia vibaya. Usinikataze. Nipe kiti, niiangalie mpaka nichoke. Huenda nami nikaona haina kitu. Huenda nikaona zile raba za vidole tu.

Jumamosi nilikwenda mjini Voi nikanunua petri sita. Mwenye duka aliniuliza nataka nini, nikasema petri. Akasema, "Betri?" Nikasema petri. Akaniangalia, akanipa. Nitazibeba kifuani. Huku hakuna baridi, lakini asubuhi nitakuwa Kimulot.

Nikishuka Litein nitachukua potapota.

Weka maziwa.

Mume wako,
Opure